Redio za mabasi ya shule: muuzaji anasema leseni ya masafa haihitajiki, ni kweli?

MratibuUsafiri_Goba

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya redio kolu, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mimi ni mratibu wa usafiri katika shule moja ya binafsi huku Goba. Tuna mabasi tisa, karibu yote Coaster, na ya kwanza yanatoka saa kumi na moja alfajiri. Moja linakwenda Tegeta mpaka Boko, mengine Kimara, Makongo, Mwenge, Sinza na Tabata, na lenye safari ndefu kuliko yote linashuka mpaka Magomeni na Kigogo. Kila basi lina dereva na matroni. Mpaka leo tunawasiliana kwa simu za mkononi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Dereva akiwa kwenye usukani sitaki ashike simu hata kwa sekunde moja. Matroni anayo ya kwake, lakini mara imeishiwa salio, mara iko ndani ya pochi, mara anaongea na mzazi aliyechelewa kumtoa mtoto getini. Mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi ukafurika na Jangwani ikafungwa, nataka kuyaambia mabasi yote kwa wakati mmoja kwamba njia haipitiki. Sasa hivi nampigia mmoja mmoja, na nikifika kwa wa tano, wa kwanza keshaingia kwenye foleni na hawezi kugeuza. Mle ndani kuna watoto wa miaka minne.

Nimekwenda Kariakoo. Muuzaji mmoja amenionyesha redio ndogo nyeusi zenye chaneli 16. Anasema zinafika kilomita kumi, masafa yameshawekwa kiwandani, leseni haihitajiki kwa kuwa ni vifaa vya biashara ndogo, na atatuwekea kodi ya siri (yaani msimbo) ili mtu mwingine asitusikie. Mwalimu mkuu ameipenda bei. Mimi moyo unasita.

Je, ni kweli leseni haihitajiki? Kama inahitajika, inakatwa kwa kila redio au kwa shule nzima? Na hizo redio kutoka Goba zitafika Magomeni kweli?

Kijana_wa_Msimbazi

Dada, wewe nunua tu. Mjini watu kibao wanazitumia, walinzi, wapiga picha wa harusi, mafundi wa magorofa. Sijawahi kusikia mtu kakamatwa. Leseni ni mambo ya makampuni makubwa.

MzeeMlingoti

Binti yangu mratibu, umefanya vema sana kuuliza kabla ya kulipa. Kazi ya simu za upepo nimeifanya tangu ujana wangu, kupanda milingoti, kufunga mitambo na kuirekebisha. Sasa nimestaafu, sina duka wala sina cha kukuuzia. Na wewe kijana wangu, nimekusoma, ila unachomwambia dada yako kitamletea madhara, naomba nikueleze kwa nini.

Masafa ya redio hapa nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Utaratibu wa leseni za masafa uko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ukiacha vifaa vya nguvu ndogo ambavyo Mamlaka yenyewe imevisamehe, anayerusha mawimbi kwenye masafa ambayo hakupangiwa anatenda kosa, awe na redio mia au mbili. Ukubwa wa biashara hauingii hapo.

Umeuliza leseni ni ya nini hasa. Mwenye leseni ni shule, au mmiliki wake kisheria. Leseni hutaja masafa uliyopangiwa, eneo utakaloyatumia, nguvu ya kurusha, na mitambo yenyewe: ya kituoni mingapi, ya kwenye magari mingapi, ya mkononi mingapi. Ukiongeza mabasi kesho unarudi kuwaarifu, kwa sababu umeruhusiwa kile kilichoandikwa na si zaidi.

Watu wengi huiona leseni kama tozo nyingine ya serikali, na hili linanisikitisha, kwa sababu unacholipia ni ulinzi. Chukua asubuhi moja matroni wako anaripoti mtoto kapata degedege ndani ya basi, na hapo hapo mtu wa ghorofa fulani Sinza anaagiza saruji kwenye masafa hayo hayo. Kama masafa ni yako kwa leseni, una haki ya kulalamika, na Mamlaka wana mitambo ya kumtafuta anayekuingilia mpaka wampate. Kama huna leseni, huna pa kulalamika. Na pengine yule wa saruji ndiye mwenye leseni, wewe na watoto wako ndio mnaomwingilia.

Sasa haya "masafa ya kiwandani". Kiwanda hakijui kwamba redio itaishia Goba. Zile ndogo za chaneli 16 mara nyingi huja zimejazwa masafa ya 462 megahezi na kuendelea, yaani jirani kabisa na huduma ya Marekani iitwayo FRS, ambayo raia wa kule wanaruhusiwa kuitumia kwenye 462 na 467 bila leseni binafsi. Ulaya nao wana yao, PMR446, kati ya 446.0 na 446.2, na wameibana: nguvu isizidi nusu wati na antena isichomoke. Ruhusa ya Marekani haivuki bahari ikaja nasi. Hata mgawanyo wenyewe wa masafa unatofautiana, kwani Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika na Ulaya tuko kanda ya kwanza, Marekani iko ya pili. Hayo 462 kwa hapa Dar yanaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, mwenye leseni na mtambo wake.

Kodi ya siri nayo si siri. Kinachoitwa hivyo ni toni nyembamba inayopanda pamoja na sauti yako, kati ya hezi 67 na 254 hivi. Redio yako ikisikia toni yake inafungua spika, isipoisikia inanyamaza. Basi, kazi yake inaishia hapo. Mtu mwenye redio isiyowekewa toni anakusikia neno kwa neno. Na ubaya wake mwingine ni huu: kwa sababu spika yako imenyamaza, hutajua kwamba kuna mtu anaongea kwenye masafa hayo, utabonyeza na kumkanyaga. Kwa hiyo hata siku utakapokuwa na leseni, wafundishe matroni wasitaje jina la mtoto wala nyumba yake hewani. Namba ya basi na namba ya kituo zinatosha. Hili naomba ulishike sana.

Kilomita kumi nitakujibu nikipumzika macho.

Baharia_Kurasini

Shikamoo mzee. Naongezea kidogo kwa upande wetu wa baharini, kwa sababu dada anaweza kudhani hili ni suala la makaratasi tu.

Pale Kariakoo zipo pia redio zenye vitufe vya namba, unaandika masafa yoyote upendayo. Nyingi zinafunguka kuanzia 136 mpaka 174 megahezi. Ndani ya hapo kuna masafa yetu ya meli. Chaneli 16, yaani 156.8 megahezi, ndiyo ya dharura na kuitana duniani kote. Nahodha yeyote anayeingia bandari ya Dar ana redio inayoisikiliza, na jahazi likizama kati ya hapa na Unguja, ndipo atakapoitia msaada akiwa na redio. Juu kidogo, 161.975 na 162.025, ndipo meli zinapotangaziana mahali zilipo kwa mfumo wa AIS, ili zisigongane usiku.

Mtu wa nchi kavu akijichagulia "masafa yaliyo kimya" kwenye sehemu hiyo, yatakuwa kimya kweli kwa sababu sisi tunayaacha wazi makusudi. Nimesikia kwa masikio yangu, zamu ya usiku, watu wakipangiana zamu za mageti kwenye chaneli za meli. Tulikuwa tunawaomba watoke, hawasikii, labda kwa sababu ya hizo toni anazosema mzee.

MzeeMlingoti

Marahaba Baharia. Umesema jambo kubwa. Na upande wa angani ni vile vile: ndege huongea na mnara wa kuongozea kati ya 118 na 137, na redio inayofunguka 136 imeshaingia megahezi moja nzima ndani ya uwanja wao. Kutoka 144 mpaka 146 ni redio ya ridhaa, watu wenye leseni yao na alama za kuitana zinazoanza na 5H kwa Tanzania, na hiyo hairuhusiwi kwa shughuli za biashara, kwa hiyo asije mtu akamshauri binti akatafute ile. Kule juu kwenye 406 kuna masafa ya vile vifaa vya dharura vinavyoita setilaiti meli au ndege ikipotea. Redio ya bei rahisi itakuruhusu kubonyeza popote hapo bila kukuonya.

MratibuUsafiri_Goba

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kaka Baharia. Nimemsomea mwalimu mkuu haya yote leo ofisini. Amekubali tufuate utaratibu, ila ameniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Tutahitaji masafa mangapi? Kuna mtu kamwambia bila ripita, ule mtambo wa kurusha mawimbi upya, hatuwezi kufika popote, na ripita ni gharama kubwa. Na ile fomu ya maombi nimeiona ina mambo ya latitudo, wati, urefu wa antena na vialama nisivyovielewa.

MzeeMlingoti

Marahaba binti yangu. Tuanze na kilomita, kwa sababu masafa mangapi na ripita au hapana, vyote vinategemea hilo.

Mawimbi ya namna hii husafiri karibu sawa na macho yaonavyo, yanapinda kidogo tu kufuata mgongo wa dunia. Sisi mafundi tuna hesabu moja rahisi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita ambazo antena hiyo "inaona". Antena ya mkononi iko kama mita moja na nusu kutoka chini, kwa hiyo inaona kilomita tano. Mbili zikiwa mikononi mwa watu wawili, tano na tano, kumi. Hapo ndipo muuzaji alipoitoa kumi yake, na ni kumi ya baharini au ya mbuga tupu. Weka nyumba za matofali za Sinza katikati, weka mwili wa basi la bati, utabaki na kilomita moja au mbili. Kutoka Goba hadi Magomeni usahau.

Sasa simamisha mlingoti wa mita 16 hapo shuleni. Kipeuo cha pili cha 16 ni nne, mara 4.12 ni kilomita 16 na nusu. Basi lenye antena juu ya paa, mita tatu kutoka barabarani, linaona kama saba. Jumla unazidi 23 kwa hesabu, na Goba yenyewe ni vilima, jambo linalokusaidia. Boko, Kigogo na Tabata zote kwa mstari wa ndege haziwezi kukuzidi kilomita 20. Mabondeni utapoteza, mathalani basi likishuka kabisa kwenye mto, lakini likipanda tu linarudi.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu ripita: kwa kazi uliyoieleza, huihitaji. Sikiliza sababu. Ripita hupokea kwa masafa mamoja na kurusha upya kwa mengine wakati huo huo, ili gari na gari lililo mbali wasikilizane. Inataka masafa mawili yaliyoachana vya kutosha, inataka chujio lake maalumu ili mtambo usijizibe masikio wenyewe, inataka umeme wa saa zote. Wewe unataka nini? Unataka wewe uyafikie mabasi yote, na kila basi likufikie wewe. Basi la Boko halina shida na la Kigogo. Masafa mamoja tu, kituo kimoja shuleni chenye mlingoti mzuri, na redio za kufungwa ndani ya mabasi, zinakutosha. Kuna kasoro moja uijue: mabasi mawili yaliyo mbali hayasikiani, kwa hiyo yanaweza kubonyeza pamoja na wewe ukasikia makelele. Dawa yake ni nidhamu. Mtu wa kituoni ndiye anayeita kwa zamu, basi la kwanza, la pili, na anayetaka kuingia katikati anataja namba yake tu kisha anasubiri.

Siku shule ikiwa na mabasi ishirini na kampasi ya pili, hapo fikirieni ripita ya dijitali ya mfumo wa DMR, ambayo ndani ya nafasi moja ya kilohezi 12.5 inapitisha mazungumzo mawili kwa kupokezana vipande vya muda. Ni nzuri, nimeifunga. Lakini usinunue leo kitu cha keshokutwa.

Fomu sasa. Latitudo na longitudo ni mahali mlingoti utakaposimama. Fungua ramani kwenye simu, simama pale pale, uandike. Usikadirie kwa jina la mtaa, kwa sababu mhandisi wa Mamlaka anazitumia namba hizo kupima nani mwingine yuko karibu kwenye masafa anayotaka kukupa. Urefu wa antena, andika kutoka ardhini, na kama mlingoti uko juu ya jengo la ghorofa, jumlisha na jengo. Nguvu, omba unayoihitaji. Wati 25 kituoni na 25 kwenye mabasi ni saizi ya kawaida kwa kazi kama yako. Wati nyingi hazivuki kilima, mlingoti ndio unaovuka. Ukiomba wati 50 bila sababu unawafikia watu wa mbali usiokuwa na haja nao, na ni vigumu zaidi kukupatia masafa yasiyogongana na mtu.

Vile vialama ni aina ya mrusho. Ukiona 11K0F3E, 11K0 ni upana wa kilohezi 11, F ni namna sauti inavyopandishwa kwenye wimbi, 3 ni kwamba ni ya analogia, E ni maongezi ya sauti. Hiyo ndiyo ya nafasi nyembamba za kilohezi 12.5 na ndiyo nakushauri uijaze. Ya zamani ni 16K0F3E, inayokula nafasi ya kilohezi 25. Hakikisha fundi anayepanga redio zako naye anachagua upana mwembamba, maana redio ikiachwa kwenye mpana, sauti yako inamwagikia jirani hata kama namba ya masafa ni sahihi.

Utaulizwa pia bendi ipi, yaani kundi lipi la masafa. VHF ya megahezi 150 na kitu inakwenda vizuri zaidi kwenye vichaka na mashambani. UHF ya 450 na kitu inajipenyeza vizuri zaidi kati ya majengo, na antena yake ni fupi, sentimita 17 hivi dhidi ya karibu nusu mita ya VHF. Kwa mabasi yanayopita chini ya matawi ya miembe ya Makongo na Sinza, mimi ningeomba UHF.

Kabla ya kununua kifaa chochote, pata masafa kwanza. Hili watu huligeuza. Wananunua redio za VHF kwa sababu zilikuwa na punguzo, halafu wanaomba masafa, wanapangiwa UHF, redio zinabaki mapambo ya ofisi. Omba, upangiwe, lipa, upate leseni mkononi, ndipo uagize redio zinazoingia kwenye masafa hayo. Na ziwe aina zilizoidhinishwa na Mamlaka. Muuzaji naye anatakiwa kuwa na leseni ya kuuza vifaa vya mawasiliano, na fundi wa kufunga vile vile ana leseni yake. Waombe wakuonyeshe. Mfanyabiashara mwaminifu hakasiriki akiombwa.

Kuhusu kiasi cha ada, Mamlaka wana jedwali lao, waulize wao wenyewe. Kutoka Goba unashuka Makongo tu, jengo lao la Mawasiliano Towers liko barabara ya Sam Nujoma. Usikubali bei ya masafa kutoka mdomoni kwa muuzaji redio.

DadaWaHesabu

Naomba niongeze la fedha, kwa sababu ofisini kwetu mimi ndiye ninayelipia haya. Mratibu, mwambie mwalimu mkuu asiiweke kwenye bajeti kama ununuzi wa mara moja. Masafa yana ada ya kila mwaka. Malipo ya serikali unapewa kontrol namba, unalipa benki au kwa simu, na stakabadhi unaitunza pamoja na leseni yenyewe. Andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda miezi miwili mapema, kwa sababu likizo za shule zinapotosha, watu wanarudi Januari na kukuta leseni ilishalala. Andaa pia nyaraka za usajili wa mmiliki wa shule na TIN, jina liwe lile lile kila mahali.

TeknoMbezi

Kwani kuna ulazima wa masafa siku hizi? Kuna redio za kutumia laini ya simu. Unabonyeza unaongea, kundi zima linasikia, na basi likienda ziara Bagamoyo au hata Dodoma bado unalipata. Masafa ni ya kampuni ya simu, wewe huombi kitu.

MzeeMlingoti

TeknoMbezi amesema kweli, na binti aijue njia hiyo. Kwa kutumia mtandao wa kampuni ya simu, leseni ya masafa ni ya kampuni, wewe unabaki na jukumu la kununua kifaa kilichoidhinishwa na kulipia kifurushi kwa kila redio kila mwezi. Kwa shule yenye safari za mikoani ni msaada mkubwa.

Lakini rudi kwenye shida aliyoileta. Anataka kusema na mabasi tisa kwa mkupuo mvua ikinyesha na barabara zikifungwa. Hapo ndipo mji mzima unapiga simu kwa wakati mmoja, na umeme ukikatika muda mrefu minara nayo huanza kuzima. Redio yenye masafa yake, ikiwa na betri nzuri pale kituoni, haimtegemei mtu. Ndiyo maana kwa watoto mimi nachagua masafa. Kama uwezo unaruhusu, chache za laini ziwepo kwa ajili ya ziara.

MratibuUsafiri_Goba

Mzee Mungu akuzidishie. Tumekubaliana: masafa mamoja, UHF, bila ripita, na maombi napeleka mimi mwenyewe. Yule wa Kariakoo nimempigia, nikamwomba leseni yake ya kuuza, akasema atanirudia.

Mawili ya mwisho. Fundi wetu wa umeme wa majengo anasema mlingoti anaweza kuufunga yeye, na ana waya wa antena uliobaki kwenye kazi ya televisheni. Na fundi wa magari anasema Coaster zetu ni volti 24 ila redio ni volti 12, hivyo atachukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Niwaruhusu?

MzeeMlingoti

Waya wa televisheni hapana. Ule ni wa omu 75, redio yako inataka 50. Na hata ukipata wa 50, usikubali ule mwembamba uitwao RG-58 kwa kupandia mlingotini: ukitumia mita 30 kwenye masafa ya 450, nguvu inayofika juu ni kama sehemu moja ya kumi tu, na unachopokea kutoka kwenye mabasi nacho kinapotea hivyo hivyo. Tumia mnene, wa hasara ndogo, na urefu uwe mfupi iwezekanavyo. Kule juu kiungo kizungushiwe utepe usioingiza maji, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula viungo polepole na hutaona mpaka mabasi ya mbali yaanze kufifia. Mlingoti uwe na waya wa ardhini wa radi, unaoshuka moja kwa moja, usipitie ndani ya darasa. Kama fundi wako anajua hayo na atakuwa na mwenye leseni wa kumsimamia, ajifunze, ni vizuri.

Kuhusu Coaster, usimruhusu. Betri mbili zimefungwa kwa mfululizo, na ukinyonya umeme kwenye moja tu, ile inachoka huku nyingine inazidishiwa chaji, baada ya muda zote mbili zinakufa, na basi litagoma kuwaka alfajiri moja likiwa na watoto getini. Anunue kibadilishaji cha kushusha 24 kuwa 13.8, kinachoweza kutoa angalau ampea 10 mfululizo, kimoja kwa kila basi, na fyuzi karibu na betri. Antena aifunge katikati ya paa la bati, si kwenye bampa. Akimaliza basi la kwanza, lipeleke Kigogo ulijaribu kabla hajagusa la pili.